Jagina Mstaafu: Tunamcheka au Tunacheka Naye?

Mwalimu mwenzangu, mwulize mwanafunzi sifa za jagina; atakutajia ujana na nguvu. Filamu ya RED (2010) yaipinga dhana hiyo. Frank Moses, jasusi mstaafu anayeigizwa na Bruce Willis, huchana hundi zake za pensheni ili apate kisingizio cha kumpigia simu karani wa pensheni. Kijana huona kichekesho tu. Lakini mstaafu wa Thika au Ruiru, aliyewahi kuihangaikia pensheni yake, atacheka kisha anyamaze: ameutambua upweke.

Hapo ndipo penye kinaya. Wanaodhaniwa mzigo ndio waokozi, tena kwa tajriba kuliko mbio. Hata Joe, mgonjwa wa saratani mwenye miaka 80, hafii kitandani. Anakufa akiwakinga wenzake. Vivyo hivyo marehemu Mzee Ojwang' wa Vitimbi: alituchekesha, lakini hatukumdharau.

Nasi walimu, ambao umri wetu wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo 2009, tusiupuuze ucheshi huu. Unapouhakiki darasani, anza na swali hili: kicheko hiki kinampa mzee heshima au kinamvua?