Choo cha Sungura na Jicho la Mfugaji

Mfugaji hodari wa sungura humjulia hali mnyama wake kwa kutazama chini kwanza. Kabla hajamshika, kabla hajakagua masikio wala meno, huivuta trei iliyo chini ya wavu na kuiangalia kimya. Ana sababu. Sungura ni windo la mbwa, paka, mwewe na nyoka, na mnyama wa namna hiyo haonyeshi udhaifu wake hadharani. Anaweza kuwa anaumwa tangu jana usiku na bado akakaa mkao uleule, macho wazi, pua ikichezacheza, hadi hali iwe mbaya kabisa. Choo chake hakijui kuficha.

Ninayemwandika hapa ni mzee mmoja wa Moshi mwenye mabanda ya mbao nyuma ya nyumba yake, chini ya kivuli cha migomba. Sungura wake wengi ni wa nyama, lakini siku hizi watoto wa mtaani wanamletea wa kwao, wale wanaofugwa ndani kwa kupendwa tu. Napenda kumtazama akifanya kazi. Huokota punje moja, huilaza kiganjani, kisha huibonyeza taratibu kwa kidole gumba mpaka ipasuke. Ndani hutoka vipande vidogo vya majani makavu, rangi ya hudhurungi inayoelekea manjano, na harufu yake ni ya nyasi tu. Hapo hutikisa kichwa kwa kuridhika. Punje inayopasuka hivyo imetoka kwa sungura aliyekula majani ya kutosha.

Sungura mkubwa mwenye afya huangusha punje 200 hadi 300 kwa siku, za mviringo, karibu zote za ukubwa mmoja. Hakuna anayezihesabu. Mzee huutazama ule mtawanyiko akajua kama umepungua, kwa sababu jana aliutazama, na juzi pia. Punje za mtoto ni ndogo zaidi, ndiyo maana hamlinganishi na jirani yake wa kizimba cha pili. Humlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe, maana maelezo ya choo kizuri yanaweza kusomwa kitabuni kwa dakika chache, lakini jana ya mnyama fulani haimo katika kitabu chochote.

Ili kuelewa anachokisoma, inabidi tuingie tumboni. Sungura hacheui kama ng'ombe. Majani hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, na yakifika mwanzo wa utumbo mpana huchambuliwa kwa ustadi wa ajabu. Nyuzinyuzi nene husukumwa mbele kuelekea nje, ndizo zinazokuwa punje kavu. Chembe laini pamoja na majimaji hurudishwa nyuma, zikaingia kwenye mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambamo bakteria huzichachua. Nyuzinyuzi zile zenyewe hazimlishi sana sungura, ila ndizo zinazoufanya utumbo uendelee kutembea. Zikipungua, kila kitu kinapoa na kusimama.

Baada ya saa kadhaa, kilichochachuliwa hutoka kama choo cha aina ya pili: vipunje laini, vyeusi, vinavyong'aa kwa ute, vimeshikana kama kichala kidogo cha zabibu, na harufu yake ni kali. Sungura huinama akavila papo hapo vinapotoka, bila kuvitafuna, kwa kawaida wakati wa mapumziko ambapo hakuna anayemsumbua. Ndani yake mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na wale bakteria. Mfaransa Morot aliieleza tabia hii mwaka 1882, na hadi leo kuna wenye sungura wanaoshtuka wakiiona, wakamkemea mnyama au wakamzuia. Wasimzuie. Kile ni chakula chake.

Kwa kuwa huliwa mara moja, choo laini hakitakiwi kuonekana. Kikibaki sakafuni kimepondekapondeka, au kimegandamana na manyoya ya nyuma, wengi hudai sungura anaharisha. Mzee haridhiki haraka hivyo. Hutazama kwanza kama punje kavu nazo zipo. Zikiwapo, na ziko sawa, basi utumbo unatembea vizuri, na swali ni kwa nini sungura hakula chakula chake cha pili. Mara nyingi amepewa pumba, mkate au matunda kupita kiasi, wanga na sukari vikamharibia uchachukaji. Wakati mwingine amenenepa hata hawezi kujikunja, au meno yanamuuma. Yote haya yanaanzia kwenye uchafu uleule sakafuni ambao mwingine angeufagia akasahau.

Kwa watoto wa sungura kazi inakuwa nzito zaidi, na hapa ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine. Sungura jike hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Maziwa yake yana mafuta yanayozuia vijidudu kustawi tumboni mwa mtoto. Kuelekea wiki ya tatu watoto huanza kudonoadonoa majani, na kumbe mama huwa ameacha punje chache za choo chake ndani ya kiota, nao huzitafuna. Hiyo ni njia mojawapo ya kuwapatia bakteria watakaowahitaji maisha yao yote. Mzee huondoa nyasi zilizolowa na kuweka kavu, lakini zile punje za mama huziacha. Usafi wa kupindukia hapo ni hasara.

Kisha huja wakati wa kuachishwa kunyonya, ambao ndio wakati wa hatari. Ulinzi wa maziwa umekwisha, asidi ya tumbo bado haijawa kali kama ya mkubwa, na bakteria wa sekamu hawajatulia. Kwa bahati mbaya huo ndio umri ambao visungura hupendeza mno machoni pa wanunuzi. Huuzwa wakiwa na wiki nne au tano, wakabebwa katika boksi, wakafikia kwenye nyumba yenye karoti, kabichi na mkate. Nadhani wengi wanaokufa ghafla katika wiki ile ya kwanza huuawa na ukarimu. Mzee hamtoi kisungura kabla ya wiki nane, hata mnunuzi akiongeza bei.

Siku moja alikuja binti wa shule ya msingi, kisungura chake cha rangi ya kijivu kikiwa kifuani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea na choo?"

Binti alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Mzee aliifungua juu ya kigoda, akazitenga punje kwa ncha ya kijiti. Zilikuwa ndogo, nyingine zimechongoka, na tatu zilikuwa zimeunganishwa na unywele mmoja mrefu wa kijivu. Hakumgusa mnyama bado. Aliuliza anakunywa maji kwenye nini.

"Kwenye kifuniko cha ndoo, babu. Ila anakipindua."

"Akishakipindua?"

"Anangoja mpaka nirudi shule."

Basi, alipouliza pia kuhusu chakula, mambo yalikuwa wazi: maji kidogo, pumba nyingi, majani haba, na manyoya anayoyameza akijilamba. Choo kidogo na kikavu ni dalili ya utumbo unaopunguza mwendo. Aliagiza bakuli zito la udongo lisilopinduka, ukoka ulioanikwa ukanyauka apewe kutwa kucha, pumba zisitishwe kwa sasa, na binti amchane manyoya kila jioni. Ndipo akamshika, akamminya tumbo kwa upole kusikia kama limejaa hewa au limekuwa gumu.

Kuna choo ambacho akikiona hajaribu hata kukisoma zaidi. Kisungura anayeharisha majimaji, au anayetoa ute kama jeli, anaweza kufa ndani ya siku moja. Na aliyekaa nusu siku bila kula wala kuangusha punje yuko hatarini vilevile, kwa kuwa sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia hakina njia nyingine zaidi ya ile iliyosimama, na gesi huzidi kujaa. Hao huwapeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata choo kinachoonekana cha kawaida hawezi kukithibitisha kwa macho kuwa hakina vijidudu vya koksidia, vinavyowashambulia sana wadogo, kwa kuwa mayai yake huonekana kwa darubini tu. Anaujua mpaka wa jicho lake, na hilo kwangu ni sehemu ya ufundi wake.

Jambo linalomkasirisha, na mimi nimelibeba kama yeye, ni dawa za binadamu zilizobaki nyumbani. Amoksilini au penisilini ya kumezwa, inayomponya mtoto kikohozi, huua bakteria wema wa sungura na kuwapa nafasi bakteria wa sumu waongezeke. Sungura huharisha akafa kwa dawa, na mwenyewe hubaki akidhani ni ugonjwa.

Kisungura wa kijivu alirudishwa baada ya wiki, na karatasi nyingine. Punje zilikuwa zimejaa, za mviringo, zikipasuka vizuri. Binti aliuliza kama sasa anaweza kumpa kabichi. Mzee alimruhusu jani moja la matembele, lililonyauka kidogo, jioni. Trei ikiwa sawa siku mbili mfululizo, aongeze la pili. Ikilainika, arudi kwenye ukoka mtupu na aanze upya. Kabichi ingoje hadi afikishe miezi mitatu, na hata hapo aanze na kipande kisichozidi upana wa kidole.