Tumsikie Bibi Taratibu

Jamani, The Gunny Sack, riwaya ya M. G. Vassanji ya 1989, nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikasirika.

Msimuliaji amerithi gunia la kumbukumbu. Humo anamkuta babu wa baba yake, Dhanji Govindji, mfanyabiashara Mhindi aliyezaa na Bibi Taratibu, mtumwa wa Kiafrika. Akaoa Mhindi mwenzake. Bibi Taratibu akaondolewa. Mtoto wao Huseni alipotoweka, baba akamsaka mpaka akala fedha za jumuiya. Hapo Vassanji kanishika: damu aliyoionea haya ndiyo iliyomponza.

Lakini Bibi Taratibu mwenyewe mbona twamsikia kidogo tu? Utasema gunia halikuhifadhi sauti yake. Sawa, ila riwaya si daftari la mahakama, kubuni ruksa.

Ukimya huo naujua. Kwetu picha ya babu Mhindi iko ukutani sebuleni. Ya bibi, Mzaramo, iko sandukuni. Chapati twazila kwa kisamvu, wala hakuna anayeshangaa. Nikimuulizia bibi, naambiwa, "Achana na hayo, mwanangu."

Waandishi wenzangu, kwenu nani kafungiwa sandukuni? Mwandikeni huyo. Na mumpe maneno.