Fundi wa Ratiba

Riwaya za shule za wasichana hudharauliwa hata na waliokua wakizisoma. Mtu atakuambia kwamba utotoni alizimaliza nyingi tu, kisha acheke, kana kwamba anazungumzia pipi. Wahakiki nao huziweka rafu ya chini, pamoja na magongo yake ya hoki na viranja wake wenye kiburi. Katika rafu hiyo kuna fundi mmoja ninayetaka kumsifu, Elinor Brent-Dyer. Alijua jambo ambalo waandishi wengi wenye heshima kumshinda hawakulijua: kumfanya msomaji awe mwenyeji wa mahali kwanza, ndipo amwonyeshe mahali hapo pakivunjwa.

Alizaliwa 1894 South Shields, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akasomea ualimu Leeds, na kitabu chake cha kwanza kikatoka 1922. Majira ya joto ya 1924 alikwenda kupumzika Pertisau, kijiji kilicho kando ya ziwa Achensee katika milima ya Tirol, Austria. Mwaka uliofuata ikatoka The School at the Chalet. Ziwa alilibandika jina jipya, Tiernsee, na kijiji akakiita Briesau. Mfululizo ulioanzia hapo aliuandika maisha yake yote, karibu vitabu 60, na cha mwisho kilichapishwa 1970, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Tazama anavyoanza. Madge Bettany ni binti wa miaka ishirini na kitu, yatima, mwenye mdogo wake wa kumlea, Joey, ambaye afya yake ni ya wasiwasi. Fedha ni chache. Austria ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza maisha ni nafuu kwa mwenye pauni, na hewa ya mlimani inasifiwa kwa wenye vifua dhaifu. Basi anaamua kufungua shule huko. Hapa hamna wito mtukufu, ni hesabu ya matumizi ya nyumbani. Mwandishi mwenye haraka angeiruka hesabu hiyo ili awahi kwenye vituko. Brent-Dyer anaikalia. Anataka tujue nani analala wapi, nani anafundisha nini, kengele inalia saa ngapi, na alasiri kahawa na keki vinaandaliwa wapi.

Kisha zinakuja kanuni, na hapo ndipo ufundi wake unapong'aa. Wanafunzi wanatoka nchi mbalimbali na lugha za shule ni tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kila moja na siku yake. Sisi tuliosoma mahali ambapo mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, kanuni za namna hii tunazijua kwa upande wake mchungu. Ila ya Brent-Dyer ina haki moja ndani yake: ikifika siku ya Kijerumani, Mwingereza ndiye anayebabaika. Yule aliyekuwa mwepesi wa majibu jana, leo anaokota maneno mojamoja mezani mbele ya mwenzake wa Kitirol aliyemcheka wiki iliyopita. Mtunzi hahitaji kutuambia nani ana majivuno na nani ana subira. Anaiacha ratiba iseme.

Ndivyo alivyofanya na afya pia. Karibu na shule pana sanatori ya wagonjwa wa kifua kikuu, na hadithi zinaandikwa wakati ambapo ugonjwa huo haukuwa bado na dawa ya kuutibu. Kwa hiyo nguo zilizolowa hubadilishwa papo hapo, na Robin, mtoto ambaye madaktari wanahofia kifua chake, hulazwa mapema wenzake wakiendelea na michezo. Msomaji wa leo anaweza kuona ni udekezaji. Lakini ukisoma vitabu kadhaa, amri ya kumlaza Robin unaanza kuishika wewe mwenyewe. Ukurasa ukichelewa kumpeleka kitandani, moyo unakudunda.

Kwa upande wa historia, Brent-Dyer alitunga 1935 Elizabeth the Gallant, hadithi ya karne ya 17, Uingereza ilipogawanyika kati ya mfalme na Bunge. Hata hivyo, historia iliyomtoa jasho na kumpa kazi yake bora ni ile iliyombishia hodi akiwa bado anaandika. Machi 1938 Hitler aliitwaa Austria. Shule ya kubuni iliyojengwa kwenye nchi ya kweli ikawa haina pa kusimama.

Jibu lake lilitoka 1940, The Chalet School in Exile. Wasichana wa mataifa tofauti wanaweka saini kwenye hati ya kuahidi kwamba vita vya nchi zao havitawafanya maadui. Siku moja mjini, umati unamvamia mzee wa Kiyahudi, sonara. Anayekimbia kwanza kumkinga ni Robin. Wenzake wanamfuata, padri anawaokoa kupitia kanisani, na wanalazimika kutoroka kwa miguu kuvuka milima hadi Uswisi. Robin wa kulazwa mapema sasa analala porini kwenye baridi. Mwandishi hatoi hotuba juu ya Unazi, wala haihitaji. Amri moja ya kitandani, iliyolindwa kitabu baada ya kitabu, imevunjwa, na msomaji wa miaka 12 ameelewa.

Katika kitabu hichohicho shule inafunguliwa upya katika kisiwa cha Guernsey. Juni 1940 Wajerumani wakakiteka kisiwa hicho nacho, na katika kitabu cha 1941 mtunzi akawa anawahamisha tena wanafunzi wake.

Dosari anazo. Majina na umri wa wahusika hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu, ajali za milimani hujirudia, na vitabu vya miaka ya mwisho, ambamo shule imehamia Uswisi, vimechoka. Wasomaji wake wanazijua dosari hizo kuliko mhakiki yeyote, kwa kuwa wao ni wenyeji. Mgeni hawezi kugundua kwamba mtoto amekosewa mwaka wake wa kuzaliwa.

Wanaoandikia vijana kwa Kiswahili wana hamu ya mambo makubwa: vita, ukimbizi, dhuluma. Ni haki yao, maana mambo hayo yapo. Lakini kijana hawezi kuililia nyumba ambayo hajawahi kuambiwa chakula cha jioni huliwa saa ngapi. Brent-Dyer alianza na saa hiyo, na Hitler alipofika kitabuni mwake alikuta kuna kitu cha kuharibu.