Kuipima Bustani ya Uani Kabla ya Masika

Mgeni aingiaye uani akaona majani mengi ya kijani aghalabu huisifu bustani papo hapo, na mwenye nyumba, kwa kuwa kusifiwa ni kutamu, hunyamaza akapokea. Lakini mjuzi wa kazi hii, kabla hajatamka neno, huinama akachota gao la udongo, akauminya, akaunusa, kisha ndipo akainua macho kuyatazama majani. Rangi ya majani yaweza kupatikana kwa gunia moja la mbolea ya chumvichumvi, ilhali udongo mwema haupatikani dukani.

Sisi watu wa Unguja hatuna majira ya machipuko kama walivyo nayo watu wa nchi za baridi. Chetu ni masika, yaanzayo Machi kaskazi inapolegea, yakaendelea mpaka Mei kusi ikiwa imekwisha kushika. Na wengi hudhani kuwa ngurumo ya kwanza ndiyo idhini ya kupanda kila kitu. Mimi siafikiani nao. Bamia, matembele, kisamvu na mchaichai huifurahia mvua hiyo. Ama tungule, majani yake yakilowa mchana na usiku huingiwa na ukungu, na mwenye busara huisia kitaluni masika yakielekea ukingoni, ili imee katika ubaridi wa kusi. Basi ukiona uani kwa mtu tungule zimejaa tele mwezi wa Aprili, usihusudu upesi. Rudi ukazitazame Mei.

Wakulima wetu wana majina ya udongo wao: kuna mchanga, kuna kinongo chekundu, kuna kinamo kinatacho, na kuna maweni. Kuutambua ulio wako hakuhitaji chombo. Shika gao lenye unyevu wa kiasi, ulibane ganjani, kisha ufungue vidole: ukimwagika mara moja, huo ni mchanga, utakunywa maji na samadi bila shukrani, ukibaki donge lenye kung'aa alama za vidole, huo ni kinamo, ambao masika huugeuza dimbwi na kiangazi huugeuza tofali, bali ukishikamana, kisha ukavunjika kwa kuguswa tu na kidole gumba, mshukuru Mungu uanze kazi. Mwenye kukaa juu ya maweni, ambako jabali la matumbawe limefunikwa na udongo haba, asijisumbue kuchimba. Ainue tuta kwa ukingo wa mawe, au atumie madebe na makarai mabovu yaliyotobolewa chini, wala asione haya.

Samadi iliyoiva haina harufu ya zizi. Hunukia ardhi iliyopata mvua, mkono ukitiwa katikati ya rundo haukuti joto, na bua la nyasi halionekani likiwa zima. Nilipata kununua kwa pupa mkokoteni mzima wa samadi ya kuku, ambayo ni kali kuliko ya ng'ombe, kwa mtu aliyeapa kuwa imekaa miezi. Joto lake nililihisi, nikajifanya sikulihisi. Siku chache baadaye miche yangu ya bilingani ilikuwa imekunjamana kana kwamba imepitiwa na moto. Muuzaji alisema uongo, lakini taksiri ilikuwa yangu.

Katika kuchagua miche ndipo ujuzi hudhihirika zaidi. Sokoni jicho huvutwa na mche mrefu wenye maua tayari, na wauzaji walijua hilo zamani. Uache. Urefu wake ni wa kutafuta mwanga, na maua yake ni ya kukata tamaa, kwani mmea uliobanwa mizizi huharakia kuzaa kabla haujafa. Mche bora wa tungule una umri wa wiki nne hadi sita, kimo chake hakizidi shubiri, na shina lake limenenepa kama kalamu ya risasi. Pindua jani utazame chini, maana vidukari na nzi weupe hujificha huko. Kisha omba ruhusa kuutoa katika kiriba chake, na asiyekuruhusu usimnunulie: mizizi na iwe myeupe, isiwe imejizungusha kama ukambaa, nayo ikiwa na mafundo, usiuingize uani hata ukipewa bure, kwa kuwa minyoo fundo ikishahamia udongoni haiondoki kwa urahisi. Mwisho uliza kama mche umezoeshwa jua, kwa sababu uliolelewa chini ya makuti hadi siku ya kuuzwa utazimia siku ya kwanza, hata ukiupandikiza jioni, kama inavyopasa.

Kotimiri haitaki kuhamishwa kabisa. Mbegu yake ni ile ile giligilani ya mchuzi, na kila punje ni mbegu mbili zilizofumbatana. Igandamize taratibu kwa chupa zipasuke, uzisie pale pale zitakapokulia. Ukiitilia shaka, funga punje kumi katika kitambaa kibichi. Zikichipua saba, inatosha. Nanaa nayo ina tabia ya kutambaa ikamiliki tuta lisilo lake, basi ipe kopo lake.

Mrehani nimeuweka nyuma kwa kuwa naupenda. Uliotunzwa ni kichaka kifupi kilichoshonana. Uliopuuzwa una miguu mitupu ya mti na kilemba cha mbegu juu. Tofauti hiyo haitokani na mbolea, hutokana na kukatwa vikonyo mapema, kabla maua hayajafunguka. Wa kwetu umestawi karibu na mlango wa uani, na jirani amekwisha kuniuliza mara mbili nautilia nini; mke wangu, ambaye huuchuma kila alasiri auchanganye na asumini katika kikuba chake, husikiliza swali hilo huku akitabasamu.