Kivuli cha Lwanda: Juu ya Haki katika Kuzihukumu Sinema za Majagina

Mnamo Februari 2018 sinema ya Black Panther ilizinduliwa mjini Kisumu, siku chache kabla ya kutolewa rasmi nchini Marekani. Sababu haikufichika. Mmoja wa waigizaji wake wakuu, Lupita Nyong'o, ni binti wa ziwa, na baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa ndiye gavana wa Kaunti ya Kisumu. Tangu hapo nimesahihisha insha zisizo haba zinazoilinganisha sinema hiyo na hadithi za katuni ilimotoka, na karibu zote zina umbo moja: mwandishi huchora jedwali, upande huu kitabu, upande ule sinema, huorodhesha tofauti, kisha huihukumu sinema kwa wingi wa tofauti hizo. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo haina haki. Lakini hata njia iliyo kinyume nayo, inayodai kwamba sinema isimame peke yake bila kuulizwa ilikotoka, haina haki zaidi.

Tuanze na hilo jedwali. Mwandishi wake anapoandika neno "kitabu" anakusudia kitabu gani? Jagina T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, alitokea mara ya kwanza Julai 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Adui wake Killmonger hakuwako hadi 1973, alipobuniwa katika mfululizo wa Jungle Action ulioandikwa na Don McGregor. Walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje, ni zao la Christopher Priest, aliyeanza kuandika hadithi hizo 1998. Shuri, dada wa mfalme, alizaliwa kalamuni mwa Reginald Hudlin 2005. Ta-Nehisi Coates naye akashika kalamu 2016. Hawa wote hawakukubaliana. Mmoja alimfanya mfalme kuwa mtu wa huzuni na mashaka, mwingine akamfanya mwanasiasa mjanja asiyeonyesha moyo wake, na mwingine akamfanya mtawala ambaye raia zake wanamwasi. Ni dhahiri kwamba hakuna chanzo kimoja cha kupimia. Kuna mapokeo ya miaka hamsini na zaidi, yenye wasimulizi wengi, kila mmoja akirithi, akiacha na kuongeza.

Sisi wa fasihi simulizi hali hii tunaifahamu, na ni ajabu kwamba tunaisahau mara tu tunapoingia ukumbi wa sinema. Ukienda Kano, katika bonde la mto Nyando, utasimuliwa habari za Lwanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe ambaye mikuki ya Lang'o, ndio Wanandi, haikumdhuru. Msimulizi mmoja atarefusha vita. Mwingine atarefusha ugonjwa wa Lwanda na chale alizotaka achanjwe. Hakuna anayegombana na mwenzake eti amepotosha kitabu asili. Walakini si kila kitu kinabadilika. Mwili wa jiwe, mke aliyetoka kwa maadui, siri ya kivuli, mkuki uliochoma kivuli badala ya mwili, na lile jiwe lililobaki ambalo wawindaji wamekuwa wakinolea silaha zao: ukiviondoa hivi, utakuwa umesimulia hadithi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa Fumo Liyongo pia. Muhammad Kijumwa alipoutunga utenzi wake 1913 alikuwa na uhuru mwingi, lakini hakuwa na uhuru wa kumwua Liyongo kwa silaha nyingine isiyo sindano ya shaba. Basi swali la kwanza la mhakiki wa haki si "nini kimebadilishwa?" bali "ni kiini gani ambacho mapokeo yenyewe yamekilinda, na je, mbunifu mpya amekilinda?"

Wanaosema sinema isimame peke yake wanajibiwa kwa ufupi. Sinema hii haitaki kusimama peke yake. Inapomwonyesha Killmonger akimrusha mfalme chini ya maporomoko ya maji, inarudia kwa makusudi tukio lililofungua mfululizo wa McGregor, na inategemea kwamba wajuzi watalitambua. Anayekopa hadharani hawezi kukataa kuulizwa habari za deni.

Swali la pili ndilo gumu: badiliko limefanya kazi gani? Tumchukue Nakia, nafsi aliyoigiza Lupita Nyong'o. Katika kazi ya Priest yeye ni msichana katika Dora Milaje, kundi ambalo kwa mila huhesabiwa kuwa wachumba wa mfalme. Busu moja, ambalo mfalme alilitoa akiwa amepumbazwa akili, lamtia wazimu wa mapenzi. Ajaribu kumwua mpenzi wa mfalme, afukuzwe, hatimaye ageuke adui mwenye jina la Malice. Katika sinema, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kuandikwa naye pamoja na Joe Robert Cole, Nakia ni mpelelezi aliyekomaa. Tunamkuta kwanza Nigeria akiwa miongoni mwa wanawake waliotekwa. Ndiye anayemwambia mfalme kwamba nchi yenye mali kama yao haina udhuru wa kuwafungia wengine mlango, na baadaye ndiye anayechukua ua la mwisho la ile dawa ya nguvu kabla bustani haijachomwa. Kwa kipimo cha jedwali, hapa sinema imekosa kabisa: imebakiza jina tu. Kwa kipimo cha kazi imefanya jambo kubwa. Imeona kwamba kitabuni mwanamke huyu hakuwa na hoja ila wivu, ikampa hoja, tena hoja ambayo mfalme mwenyewe anaikubali mwishoni. M'Baku naye, ambaye mwaka 1969 alivikwa ngozi ya sokwe na kupewa jina la kumfananisha na sokwe, amevuliwa jina lile akapewa kabila lenye heshima na mzaha wake. Kabila hilo linaitwa Jabari, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa. (Sina hakika kama ninaweza kusema hayo juu ya mzee Zuri, ambaye kwa sikio letu anatembea bila kiambishi.)

Lakini nisidhaniwe kuwa naitetea kila hatua. Katika mfululizo wa McGregor, uliochukua matoleo kumi na matatu kati ya 1973 na 1975, uasi wa Killmonger hauoti hewani. Mfalme amekaa muda mrefu ng'ambo na wenzake wa Marekani, na anarudi na mwanamke mgeni. Raia wananung'unika, na hata W'Kabi, mtu wake wa karibu, haoni haya kumlaumu. Sinema imempa Killmonger swali zito kuliko lile la kitabuni. Mtoto wa mwana wa mfalme, aliyeachwa Oakland baada ya babaye kuuawa na nduguye, anauliza Wakanda ilikuwa wapi watu weusi walipokuwa wakiteswa. Swali hilo ni faida. Hasara yake ni kwamba manung'uniko ya raia yametoweka. Wakanda ya sinema ina wafalme, wazee wa baraza na askari. Mkulima na mchuuzi hupita nyuma ya picha bila kusema. Na kwa kuwa swali la Killmonger lina nguvu mno, waandishi wamelazimika kumtia ukatili wa haraka haraka, amwue mpenziwe, amkabe bibi mzee, ili mtazamaji asije akamfuata. Hapo ufundi umeyumba, na kitabu, pamoja na maneno yake mengi kupita kiasi, kilikuwa na subira zaidi.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni Everett Ross. Kwa Priest, Ross ni mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, mtu mwoga na mropokaji anayesimulia hadithi asiyoielewa; kinachochekwa ni ujinga wa mgeni anayejiona mwenyeji wa dunia. Katika sinema amekuwa afisa wa C.I.A. ambaye, akiongoza ndege kwa mbali, anaiokoa dunia kwa kuangusha vyombo vya Wakanda vilivyobeba silaha. Msomaji wa bara hili, anayejua yaliyofichuliwa na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975 juu ya njama dhidi ya Patrice Lumumba, hana budi kuuliza mzaha ule ulitolewa kwa faida ya nani. Wenye majedwali huandika tu kwamba "Ross amebadilika kidogo".

Yafaa pia kukumbuka kwamba fani hizi mbili hazina vyombo sawa. Katika katuni, msomaji ndiye mwenye saa. Anaweza kukaa juu ya kisanduku kimoja cha picha jioni nzima, na lile pengo jeupe kati ya kisanduku na kisanduku hulijaza mwenyewe. Sinema ya dakika 134 haimpi nafasi hiyo, bali humpa sauti. Wakanda ya karatasi haikuwa na lugha ila herufi za Kiingereza. Katika sinema watu wake wanasema isiXhosa, urithi wa mwigizaji John Kani, aliyeitumia lugha yake katika sinema ya 2016 ambamo T'Challa aliingia kwa mara ya kwanza. Nimesikia wenzetu wakinung'unika kwamba ingalifaa kuwa Kiswahili. Manung'uniko hayo nayaelewa, lakini si hoja ya uhakiki.

Na kuna chanzo kingine ambacho majedwali yetu hayakigusi. Sinema hiyo niliitazama mara ya pili katika banda la video huko Mamboleo, juu ya barabara ya Kakamega, kwa namna ambayo watazamaji wengi wa Kenya hutazama: sauti ya asili imepunguzwa, na msimuliaji, katika Kiswahili cha mtaani, anafasiri, anatania, anaonya. Katika watu thelathini waliokuwamo, sidhani kama mmoja aliwahi kufungua toleo lolote la Jungle Action. Mfalme aliponyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu kabla ya pambano, msimuliaji alisema kwamba sasa ni mtu wa kawaida, mkuki utaingia. Nyuma yangu kijana mmoja akajibu kwa sauti, "Wamekata kivuli." Banda zima likacheka, na sikuona aliyehitaji kuelezwa. Kwa watazamaji wale kitabu cha kulinganisha kilikuwako, nacho ni cha Kano. Mhakiki anayewapuuza kwa kuwa hawajui katuni anapuuza ulinganishi wa kweli zaidi kuliko wake.

Nayasema haya kwa sababu zamu ya Lwanda mwenyewe inakaribia. Okoiti Omtatah alikwisha kumweka jukwaani katika tamthilia iliyochapishwa 1991, na hadithi za picha za Pichadithi za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba ngano zetu zaweza kuingia katika visanduku bila kufa. Siku moja atakuwa sinema, na majedwali yatatolewa. Hapo tutafanya nini na mke wake? Simulizi za upande huu humwita msaliti: alipewa Lwanda na maadui, akaijua siri ya kivuli, akatoroka usiku kuipeleka kwao. Kwa Wanandi mwanamke huyo ndiye aliyelikomboa taifa lake, na kwa kipimo chochote cha tendi yeye ndiye jagina. Mpaka wa Kano na Nandi ndio uleule ambako watu waliuana na kuhamishwa 1992, na tena mwanzoni mwa 2008. Mwandishi atakayempa hoja zake, kama Nakia alivyopewa, atakuwa amekiacha kisa mikononi mwa mtu ambaye mapokeo ya Kano hayakumtaka akishike. Ila jiwe litabaki, na kivuli kitabaki.

Nimewasikiliza wasimulizi kadhaa wa bonde hilo. Majina ya Lwanda, ya babaye na ya ukoo wake wananitajia bila kusita. La mke huyo nimewauliza kila mmoja, na kila mmoja amenijibu kwamba alikuwa nyar Lang'o tu, binti wa Wanandi.