Mtoto, Mwali na Mke

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitungwa baada ya Tanzania kuuridhia, mwaka 1991, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Tamko lake ni fupi: mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 ataitwa mtoto. Sisi tunaotunga mashairi twalisifu tamko hilo, kwani halina mlango wa nyuma.

Lakini sheria za nchi ni kama diwani. Ubeti mmoja hausomwi peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa maadamu mzazi ameridhia. Mvulana alitakiwa angoje miaka 18. Basi binti yule yule akawa mtoto katika sheria moja, mke katika nyingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa: amwoaye mwanafunzi wa msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Tulifurahi, kisha tukalitazama neno. Imetajwa mwanafunzi, haikutajwa mtoto. Aliyeacha shule kwa kukosa sare yu nje ya ngao hiyo, ijapokuwa ni rika moja na aketiye darasani.

Liko jina la tatu, ambalo wanasheria hawakulitunga. Katika jamii zetu zenye unyago, binti akivunja ungo huwekwa ndani, naye huitwa mwali. Jina hilo halihesabu miaka, huutazama mwili. Wako waudhanio unyago kuwa ushenzi mtupu. Hatukubaliani nao, maana humo mna mafunzo ya usafi, ya adabu na ya kujitunza. Kosa huingia pale jina la mwali ligeuzwapo kuwa hati ya kupokelea mahari. Hapo sauti ya kungwi husikika kuliko ya hakimu. Lakini sheria hizo zilitungwa kwa Kiingereza, na kungwi hakusomewa hata kifungu kimoja.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria. Tafsiri zisilale makabatini (nasi watumishi wa Serikali twayajua makabati hayo). Zisomwe katika mkutano wa kijiji, na kungwi aulizwe mbele ya wazazi: huyu uliyemcheza juzi, ana miaka mingapi?