Nani Husema kwa Niaba ya Jamii?

Ubishi juu ya mtu na jamii yake ni wa siku nyingi katika falsafa ya Kiafrika: kipi hutangulia? Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kuwa Mwafrika hujitambua kwamba yupo kwa kuwa wenzake wapo. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliisukuma hoja hiyo mbele zaidi. Kwake yeye, utu haupatikani kwa kuzaliwa tu. Huchumwa pole pole kwa kutimiza wajibu, na jamii ndiyo inayothibitisha kama umeufikia.

Makada wengi huipenda hoja hii, maana yaonekana kuupiga ubinafsi wa kibepari kwenye mzizi. Nayo ina ukweli. Hata sisi husema juu ya katili kwamba huyo si mtu. Lakini yafaa tuipime kabla ya kuimeza. Menkiti alitafuta ushahidi katika Kiingereza, ambacho huweza kumtaja mtoto mchanga kwa neno linalotumika kwa vitu. Kiswahili hakimpi ushahidi huo: mtoto aliyezaliwa alfajiri twasema analia, hatusemi kinalia. (Ngeli peke yake si hoja, kwani hata mbuzi analia.) Hoja iko katika lawama. Asiye na utu twamlaumu kwa sababu ni mtu. Mbuzi aliyekula mihogo ya jirani hatumwambii kuwa hana utu.

Mghana Kwame Gyekye alimjibu Menkiti kwamba jamii humlea mtu lakini haimmalizi: mtu ana akili ya kupima mila za kwao, na hata kuzikataa. Hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo Gyekye naye alikubali kuwa haki za mtu huweza kuwekwa kando kwa manufaa ya wote, na ndipo wahakiki wakasema hakwenda mbali na Menkiti.

Kasoro yao ni moja. Wote wawili huitaja jamii kana kwamba ina kinywa kimoja. Jamii haina kinywa. Asemaye ni mzee, mume, mwenyekiti, katibu. Mwalimu Nyerere aliliona hili: katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, alikiri kuwa jamii yetu ya jadi, pamoja na mema yake, ilimweka mwanamke chini. Basi utu uliokamilika wa mzee wa Menkiti ulisimama juu ya jasho la nani?

Tuchukue mfano wa Ruvuma. Kuanzia kijiji cha Litowa, wakulima walijiunga katika chama cha maendeleo kilichojulikana kama RDA, wakalima pamoja na kupanga mambo yao katika mikutano yao wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Hapo mbinafsi alikuwa nani? Hapakuwa na mtu mmoja aliyegombana na jamii. Palikuwa na jamii ya wanavijiji, na juu yake wengine waliosema kwa jina la jamii kubwa zaidi. Mwaka uliotangulia Mwalimu alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na palipokuwa na mkaidi nguvu ikatumika. Kada aliyefundishwa tu kwamba jamii hutangulia mtu hakuwa na swali la kuuliza mbele ya nyumba iliyobomolewa.

Swali analo sasa. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa hufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa wa kila mkazi mtu mzima, si wa halmashauri peke yake. Kada akiletewa habari kwamba kijiji kimekubali kutoa ardhi, aulize mkutano uliketi lini, wanawake wangapi walisimama kusema, na aliyepinga alijibiwa nini.